Kabla ya kununua sensa, soma namba

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi ya Toyota IST pale Mwanga, Kigoma, mambo hufuata mkondo uleule kila mara. Dereva anampigia fundi. Fundi anakuja na kidude cha buluu kinachoenea kiganjani, anakichomeka chini ya usukani, anafungua programu kwenye simu, na dakika haijapita anatamka: "P0171. Sensa ya oksijeni imekufa." Jioni pesa zinatumwa kwa mtu wa Kariakoo, kifurushi kinapakiwa kwenye basi la Kigoma, sensa inafika, inafungwa, taa inafutwa. Wiki haiishi, taa imewaka tena na namba ni ileile.

Hapo inatajwa pampu ya mafuta. Baada ya pampu, nozeli. Mfuko ukishakauka, lawama huhamia Japani: "Gari hizi ndivyo zilivyo."

Mimi nasema kidude hakina kosa, na mara nyingi hata sensa haina kosa. Kosa ni kuichukua namba ya kosa kama hukumu, ilhali ni malalamiko ya upande mmoja. P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta ya gari imeongeza petroli mpaka imefika mwisho wa ruhusa yake, na bado inaambiwa petroli haitoshi. P0172 ni kinyume chake: imepunguza mpaka basi, na bado inaambiwa petroli imezidi. Kwa nini imekuwa hivyo? Hilo namba haisemi. Jibu limo kwenye namba nyingine ambazo fundi huzipitisha haraka kwa kidole, na ambazo sisi wenye magari hatujawahi kuomba tuonyeshwe. Kwa uvivu huo tunateketeza pesa za chakula na ada za watoto.

Kompyuta hurekebisha kwanza, hulalamika baadaye

Petroli gramu moja huungua barabara ikipata hewa takriban gramu 14.7. Hewa ikipungua, petroli inabaki bila kuungua na moshi unakuwa mweusi. Hewa ikizidi, injini inakosa nguvu, inachelewa kuitikia, na inapata moto kupita kawaida. Kwenye magari ya kabureta kazi ya kupatanisha viwili hivi ilikuwa ya fundi na bisibisi yake. Kwenye magari ya sasa ni ya kompyuta, nayo hutegemea sensa iliyochomekwa kwenye ekzosi, inayopima oksijeni iliyobaki baada ya moto kuwaka.

Sensa hiyo si kitu cha jana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitengeneza, na Volvo ikaanza kuiweka kwenye magari yake yaliyouzwa Marekani mwaka 1976. Kwetu isingedumu wakati ule, kwa kuwa risasi iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli huiua. Ni baada ya Azimio la Dakar la 2001, na petroli yenye risasi kuondolewa kwenye nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, ndipo sensa hizi zilipopata nafasi ya kuishi maisha yao kamili Afrika.

Sensa ikisema petroli imepungua, kompyuta huongeza muda wa nozeli kufunguka. Ikisema imezidi, hupunguza. Kiasi cha kuongeza au kupunguza huandikwa kwa asilimia, na kidude kile cha buluu huonyesha namba mbili: marekebisho ya muda mfupi, yanayorukaruka kila sekunde, na ya muda mrefu, ambayo kompyuta imeyakariri kutokana na tabia ya gari. Fundi makini huzijumlisha. Jumla ikiwa ndani ya 10, juu au chini ya sifuri, hakuna cha kukosesha mtu usingizi. Ikipita hapo, kuna jambo. Ikifika 25 au zaidi, kutegemea gari, taa huwaka.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu anaona +22 kwenye simu na kusema, "Injini inamwagiwa mafuta." La. Alama ya kujumlisha inaeleza kilichofanywa na kompyuta: imeongeza petroli kwa sababu iliambiwa imepungua. Alama ya kutoa inaeleza kwamba imepunguza kwa sababu iliambiwa imezidi. Anayesoma kinyume atatibu kinyume, na hakuna spea ya Kariakoo itakayomwokoa.

+15 hii si +15 ile

Sasa tuchukue IST mbili, zote zina +15 ya muda mrefu. Ya kwanza ina mpira wa hewa uliopasuka kati ya sensa ya hewa na injini. Hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kuhesabiwa. Kompyuta inapeleka petroli ya hewa iliyohesabiwa tu, mchanganyiko unapungua petroli, sensa ya ekzosi inaona oksijeni, kompyuta inaongeza. Nyongeza hiyo ni ya haki, kwa kuwa hewa ile ya wizi nayo inahitaji petroli yake.

Ya pili haina mpira uliopasuka. Ilikatwa ekzosi ili yatolewe masega ya kusafishia moshi na kuuzwa, kisha bomba likachomelewa na kuachwa na kitundu karibu na sensa. Moshi ukitoka kwa mapigo, kitundu kinavuta hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni isiyotoka ndani ya injini, inasema petroli imepungua, na kompyuta, isiyojua habari za mchomeleaji, inaongeza petroli ambayo haikuhitajika. Gari hili ndilo linalokula mafuta kweli.

Namba ni moja, magonjwa ni mawili, na tiba ya la kwanza hailifai la pili. Chukua teksi inayotumia lita 10 kwa siku. Ziada ya asilimia 15 isiyo na kazi ni lita moja na nusu. Kwa hesabu rahisi ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 4,500 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 117,000 kwa mwezi. Kwa dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, hiyo siyo pesa ya tajiri. Hesabu haipungui kwa sababu ekzosi ina kitundu. Kinachopungua ni kilichobaki baada ya hesabu, yaani migebuka ya jioni na daftari la mtoto.

Tena bei ya petroli Kigoma hatuipangi sisi. Bei kikomo za EWURA hutolewa kila mwezi kwa kila eneo, na ya Kigoma huwa juu ya ile ya Dar es Salaam, maana mafuta yanashuka bandarini kisha yanasafiri zaidi ya kilometa 1,200 kutufikia. Anayepoteza lita moja hapa amepoteza zaidi kuliko anayeipoteza Temeke.

Utazitofautishaje gari zile mbili? Kwa kukanyaga resi. Ukisoma namba injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, kisha ukapandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kuishikilia hapo, mpira uliopasuka hujitaja wenyewe. Kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi ni sehemu kubwa ya yote na namba inakuwa juu, tuseme +22. Resi ikipanda, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani sana, namba inashuka hadi +6 au +5. Ikiwa ni kinyume chake, yaani namba ni ndogo kwenye sailensa lakini inapanda gari likibeba mzigo kupandisha kilima cha kutoka stesheni, basi angalia pampu, filta ya mafuta au sensa ya hewa iliyochafuka. Na kama iko juu kotekote, kagua ekzosi kabla ya kufungua pochi.

Nimemwona fundi mmoja wa Gungu akifanya kazi hii kwa namna iliyonifurahisha. Aliiacha injini sailensa, simu ameiegemeza kwenye kioo, namba ya muda mfupi ikicheza kwenye +14 na +15. Akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta na kupuliza kidogo kidogo kwenye kila maungio ya mipira, huku amejitenga na ekzosi iliyo moto, na dumu la maji liko mguuni. Alipofika kwenye mpira mdogo nyuma ya manifoldi, sauti ya injini ikabadilika na namba ikaporomoka hadi chini ya sifuri, kisha ikapanda tena polepole. Dawa ile inaungua kama petroli. Ilivutwa ndani kupitia ufa na ikajaza pengo. Mpira ulikatwa sentimita mbili mwishoni, ukarudishwa na kubanwa kwa klipu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe haukuwa mkubwa kuliko ukucha.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao huwachanganya hata wazoefu. Injini ikiwa na misi, silinda moja ikakataa kuwaka, petroli ya silinda hiyo inatupwa nje kwenye ekzosi pamoja na hewa yake yote. Pua yako inanusa petroli. Lakini sensa hainusi petroli, inapima oksijeni, na oksijeni imejaa tele. Basi inasema petroli imepungua! Kompyuta inaongeza, harufu inazidi, fundi anaapa kwamba sensa ni mbovu kwani "gari linanuka mafuta halafu yenyewe inasema hakuna mafuta." Sensa imesema kweli. Kilichohitajika ni plagi au koili.

Vumbi letu na mwinuko wetu

Mafundi wengi wa hapa walianzia kwenye kabureta, na wapo waliokulia kwenye mashine za boti za Kibirizi na Katonga. Ujuzi wao siudharau hata kidogo. Fundi wa boti hufungua plagi, akaigeuza juani, akakuambia: ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi, ikiwa nyeupe kama chokaa, imepungua na moto ni mkali, ikiwa na rangi ya kahawia, iache ilivyo. Huo ni usomaji kamili, na umefanyika bila simu.

Shida huja pale kanuni ya kabureta inapohamishiwa kwenye gari la kompyuta bila kubadilishwa. Mfano wake ni vumbi. Kwenye pikipiki ya kabureta, filta ya hewa ikiziba hewa hupungua, petroli huzidi, na moshi huwa mweusi. Bodaboda wa Mwandiga anayeshinda kwenye barabara za udongo analijua hilo. Lakini IST ina sensa ya waya wa moto inayopima hewa inayoingia. Filta ikiziba, sensa inaona hewa imepungua na kompyuta inapunguza petroli sawasawa. Gari linakosa nguvu, ila mchanganyiko unabaki palepale. Hatari iko upande wa pili: filta iliyochanika, au ile ya bei ya kutupa isiyokaa sawa kwenye kasha lake, inapitisha vumbi jekundu la Kasulu na Uvinza hadi kwenye ule waya. Waya ukivaa koti la vumbi, huhesabu hewa pungufu kuliko inayopita. Petroli inapungua, na marekebisho yanapanda kwenye kujumlisha. Vumbi ni lilelile, lakini pikipiki imezidi petroli na gari limepungukiwa. IST ya lita 1.5 iliyopata moto, ikiwa sailensa na vifaa vyote vimezimwa, huonyesha kama gramu mbili za hewa kwa sekunde. Ukiona ni pungufu sana ya hapo, safisha waya kwa dawa yake maalumu kabla ya kuagiza chochote.

Mwinuko nao una lake. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya bahari. Watu wa pwani wakija huku wanashangaa ubaridi wa asubuhi. Mafundi nao wangepaswa kushangaa shinikizo la hewa. Dar es Salaam, ufunguo ukiwa umewashwa na injini haijawashwa, gari lenye sensa ya shinikizo huonyesha karibu kilopaskali 101. Kigoma mjini huonyesha karibu 92, na ukipanda kuelekea Kasulu, ambako ni zaidi ya mita 1,000, inashuka tena. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 9. Fundi aliyejifunza kwa video ya mtu wa pwani akiona 92 atasema sensa imekufa, kumbe inasema kweli tupu. Sensa ya kutilia shaka hapa ni ile inayoonyesha 101 kando ya ziwa: inaidanganya kompyuta kwamba hewa ni nzito, petroli inamwagwa zaidi, na marekebisho yanazama kwenye kutoa. Kipimo hicho hakigharimu hata tone la petroli, lakini ni wangapi wanakifanya?

Halafu kuna themostati. Sijui nani alitufundisha kuitoa na kuitupa kila gari linapochemsha, lakini desturi hiyo imeenea Afrika Mashariki nzima na hapa Kigoma imepata wafuasi watiifu. Kwenye injini nyingi ndogo za Toyota, themostati huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, na asubuhi ya mvua gari linaweza kutoka Ujiji hadi Mwandiga bila kupata moto wake. Kompyuta inaona injini bado ya baridi na inaendelea kuipa petroli ya ziada, kama ifanyavyo alfajiri. Moshi una harufu, plagi zinajaa masizi, oili inachanganyika na petroli. Mwenye gari anaambiwa abadilishe nozeli! Kwenye kidude kile, joto la maji liko mstari mmoja tu chini ya namba nyingine. Lisome kwanza.

Siwezi kuacha habari ya mafuta yenyewe. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa ulikuwa ugonjwa wa taifa, hata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kwenye bajeti ya 2011/12 ili faida ya uchakachuaji ife. Ulipungua, lakini kijiji cha mwambao kisicho na kituo cha mafuta bado kinanunua kwenye madumu, na dumu halina cheti. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi. Injini inakosa, namba zinayumba bila mpangilio. Ukiona marekebisho yamebadilika ghafla mara tu baada ya kujaza tangi, usianze na sensa. Anza na swali la ulijazia wapi.

Tunalipia vitu, hatulipii kujua

Nimewauliza mafundi kwa nini hawasomi namba zote. Wengine hawakufundishwa, hilo ni kweli. Wengine wana kidude cha bei nafuu kisichoelewana na kila gari: Marekani ililazimisha magari kuzungumza lugha moja ya uchunguzi kuanzia 1996, ila magari mengi tuliyonayo yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na sheria hiyo haikuyahusu. Kidude hicho kinaweza kuleta namba tatu au kisilete kabisa.

Lakini jibu lililonigusa lilitoka kwa kijana mmoja wa Buzebazeba: "Mzee, nikikaa na gari saa mbili nasoma namba, mteja ananiuliza umebadilisha nini. Nikisema sijabadilisha, hanilipi."

Hapo sote tumekamatika. Tunamlipa fundi kwa kile alichokibeba mkononi. Akileta sensa kwenye boksi, tunatoa laki bila kubishana. Akitumia saa mbili kugundua kwamba mpira wa shilingi elfu chache umepasuka, tunampa "ya soda". Mtu akienda zahanati na homa anapimwa malaria kabla ya kupewa dawa, na hakuna anayegoma kulipia kipimo kwa sababu eti majibu yamekuja hayana malaria. Mbona gari, linalolisha nyumba nzima, tunalipa dawa tu?

Kwa hiyo lawama isiishie gereji. Tajiri wa teksi anayemfokea dereva kuhusu mafuta na kukataa kulipia uchunguzi ndiye anayenunua sensa tatu kwa mwaka. Haraka haraka haina baraka, na hapa haraka ina risiti. VETA ina chuo Kigoma. Mwanafunzi wa ufundi magari akitoka pale anapaswa kuweza kusoma marekebisho ya petroli kwenye sailensa na kwenye resi kama anavyoweza kubadilisha oili, na mtihani wake uwe kwenye gari lililotobolewa mpira kwa makusudi. Wamiliki watatu au wanne wa Noah na IST wakichanga, wanaweza kununua mashine bora ya uchunguzi inayoelewana na magari ya Japani na kumkabidhi fundi wanayemwamini kwa makubaliano ya maandishi. Vikundi vya kuweka na kukopa viko kila mtaa, hivyo mtindo wa kuchangiana si mgeni kwetu.

Na dereva ana kazi yake, isiyohitaji shule wala mtaji. Kabla pesa haijatumwa Kariakoo, mwambie fundi aandike kwenye karatasi joto la maji, marekebisho ya muda mfupi na mrefu kwenye sailensa, na yaleyale kwenye mizunguko 2,500. Mlipe kwa kuandika huko, mkiwa mmekubaliana bei kabla. Baada ya matengenezo, namba ziandikwe tena kwenye karatasi hiyohiyo, gari likiwa limeshatembea kidogo, maana kufuta taa hufuta pia yale kompyuta iliyokariri na sifuri ya dakika ya kwanza haithibitishi lolote. Kama namba za pili hazijasogea, kilichofungwa hakikuwa dawa, na mazungumzo ya nani anabeba gharama yaanze hapohapo, karatasi ikiwa mezani. Fundi atakayekasirika kwa kuombwa hivyo, muage kwa heshima na uondoe gari lako. Gereji Mwanga haziishi.